Mama Mkwe Anatoa Bandi

Fundi wa kola aliacha kwenda karakanani tangu mama mkwe wake alipoanza kupotea njia ya kutoka chumbani hadi chooni. Mwenye karakana, ambaye mafundi walimwita Pima Tena kwa vile hakuamini kipimo cha mtu mwingine, alimwonea huruma akampa cherehani akashonee nyumbani. Lakini alimwambia wazi kwamba sare za shule zikichelewa, cherehani inarudi.

Mama mkwe alikuwa amekula chumvi nyingi. Dawa za presha zilimkubali, moyo ulipiga kama wa msichana. Akili tu ndiyo iliyoanza kuaga. Naye alikuwa fundi, enzi ambazo kila mshono ulianza kwa bandi, ule uzi wa kushikiza kwa muda, unaotolewa nguo ikikamilika.

Asubuhi ya kupeleka sare, fundi alitoka kidogo kuanika mashuka. Aliporudi alimkuta mama mkwe ameketi katikati ya mashati, wembe mkononi, kola zote zimefumuliwa.

"Nimekutolea bandi, mwanangu," alisema, uso umemchangamka. "Ungewapa watu nguo hivi hivi, wangekucheka."

Angemgombeza nani? Aliuchukua wembe polepole, akasema asante.

Mchana Pima Tena alikuja mwenyewe. Hakufoka. Alieleza kuwa nusu ya karakana iko kimya, vijana wa kufundishwa ni wa kutafuta kwa tochi, na shule zimeanza kuagiza sare kwingine.

"Wazee wanaishi, tunashukuru," alisema, akikwepa kumtazama usoni. "Ila kila mzee anayebaki nyumbani, anabaki na fundi wangu mmoja."

"Nivumilie kidogo, kaka."

"Mpaka lini, dada?"

Hilo hakuweza kulijibu bila kumtakia mtu kifo. Akainama, akashika upande mmoja wa cherehani. Pima Tena akashika wa pili, wakaibeba hadi kwenye mkokoteni.

Mama mkwe aliwafuata mpaka mlangoni, akiwaonya wasiigonge ukutani.

"Inakwenda kutengenezwa?"

"Ndiyo, mama."

"Waambie waitie mafuta," alisema, akamshika mkono warudi ndani. "Ikirudi nitakusaidia tena."