Uso wa Mama kwa Udongo wa Kang'ata

Nilistaafu ualimu Korogwe nikiwa na mikono isiyojua kazi nyingine ila chaki. Miaka yote niliwaimbia watoto kwamba udongo uwahi ungali maji, kisha mimi mwenyewe nikaanza kufinyanga uzeeni. Nilitaka kitu kimoja tu: uso wa mama yangu. Alikufa kabla ya Uhuru, hakuwahi kupigwa picha, na kila mwaka sura yake ilizidi kunipotea. Niliogopa kufa bila kumwona tena.

Nikahama mtaa wangu wa Masuguru hapo Korogwe, nikaenda kuishi na dada yangu Kang'ata, katika kijiji kipya cha ujamaa walichopangiwa watu kando ya barabara. Nyumba ya mama ilibaki huko nyuma porini, imeezuliwa. Dada alikuwa mfinyanzi, kama mama. Mfinyanzi hulia gaeni, na kwetu huo haukuwa msemo tu. Mama tulimwona kila siku akila katika kigae.

Sasa, kwetu Wazigua ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mwanamume hasogei kwenye shimo la udongo wala mahali vyungu vinapochomwa, akisogea, vitapasuka. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini nilikuwa msomi, na tena nilijiona mjamaa hasa. Kazi ni kazi, nikasema, haina suruali wala kanga. Nikaenda shimoni mchana kweupe na ndoo yangu.

Wiki hiyo vyungu vya kina mama vilipasuka karibu vyote. Mvua ilikuwa imenyesha na kuni zilikuwa mbichi, nikawaeleza hivyo kana kwamba niko darasani. Bibi mmoja, ambaye hata mimi na mvi zangu humwamkia shikamoo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwalimu. Sasa tupikie kwenye hayo maelezo?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali uso niliotaka kuufinyanga uchomwe pamoja na vyungu vyao. Sikuwalaumu, ingawa hasira nilikuwa nayo tele.

Dada peke yake alinisaidia. Kila jioni, akishatoka shamba la kijiji, aliketi mkekani akinielekeza. "Pua ishushe kidogo. Hapana, mashavu hayakuwa hivyo." Nilibomoa, nikaanza upya, miezi mitatu mizima. Mwishowe akaacha kunikosoa, nami nikafurahi kama mtoto aliyepata vema zote.

Nikauchoma uso huo peke yangu nyuma ya nyumba, kwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ulipasuka kwa mlio mdogo tu. Nilipofukua majivu nikapata vipande, nikalia mbele ya dada yangu bila aibu.

"Basi tuanze tena," nikamwambia nilipotulia. "Wewe unamkumbuka. Nielekeze."

Dada alinifuta majivu mikononi kwa upindo wa kanga yake.

"Kaka, simkumbuki tena. Nikifumba macho namwona yule uliyemuunda wewe."

"Si ulisema wamefanana?"

"Sikusema. Nilinyamaza tu. Nilikuona umechoka."