Nusu nauli ya familia kwenda Zambia, na sisi tuliosafiri mafungu mawili

Wakuu, heshima kwenu. Juzi mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu tiketi za familia za treni za Ulaya, zile za kuvuka nchi kwa bei nafuu. Comments karibu zote zilishangilia punguzo. Mimi nilipita kimya, ila limenikaa moyoni. Naeleza yaliyotukuta, bila chumvi.

Asili yetu ni Kasulu. Nilifika Kilosa nikiwa mdogo, safari ndefu ya treni daraja la tatu, miguu imevimba. Baba alifuata kazi kwenye shamba la mkonge. Nilikuja naye. Mama na Kaka Sadiki walifuata wiki iliyofuata.

Ndivyo tulivyokuwa. Babu alipoteza ndugu zake wote kwenye ajali ya lori moja. Tangu hapo, kwetu nyumba nzima haipandi chombo kimoja.

Soko huria lilipoingia, shamba likauzwa na Baba akapunguzwa kazi. Tukahamia Mikumi, Mama akawa anachoma mahindi kando ya barabara kuu. Kaka akavuka kwenda Zambia kutafuta maisha.

Mimi ndio kwanza nimemaliza form four. Siku moja dereva wa lori akasimama pale jikoni kwa Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nikupe la moto?"

"Hapana mama. Sadiki anaumwa, amekonda sana. Anasema uje."

Mama hakuuliza anaumwa nini. Miaka ile watu hawakuuliza.

Tukasikia treni ya Zambia ina nafuu ya familia: mmoja analipa kamili, wengine nusu. Baba akauza baiskeli na mabati ya banda. Tukakatiwa tiketi tatu, pamoja na karatasi moja yenye majina yetu.

Chini ya karatasi iliandikwa kwa Kiingereza kwamba familia isafiri pamoja. Nililisoma lile sharti, wakuu. Nikalichukulia kama yale maandishi ya "usiteme mate".

Baba akasema, "Natangulia nikatafute pa kufikia. Wewe utamleta mama yako treni inayofuata." Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Yeye ndiye mkuu wa familia.

Mama akanigeukia. "Wewe uliyesoma, inaruhusiwa?"

Nikajibu, "Inaruhusiwa, Mama."

Siku yetu ilipofika tukapanda. Hata nusu ya njia hatujafika, mkaguzi akaja.

"Karatasi ya familia iko wapi?"

"Anayo Baba, ametangulia."

"Basi ametangulia na nauli yenu, kijana."

Abiria wakacheka. Mama akamwomba, akamtajia mgonjwa. Yule mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, lipeni nusu iliyobaki." Hatukuwa nayo. Kituo kilichofuata tukashuka na kapu letu la unga.

Tulirudi Mikumi kwa kubebwa na malori. Mama akakaa barabarani akitafuta dereva wa kumvusha. Kabla hajampata, Baba akarudi peke yake, amebeba shati la Kaka.

"Kila mlango ukifunguliwa alikuwa anauliza kama ni mama yake," alisema. Basi.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Bora angenilaumu.

Tangu hapo sikutulia. Nimezunguka, hata huko Ulaya nimesafisha mabehewa. Bei zao za familia mara nyingi zina sharti lilelile: wote pamoja, njia nzima. Ukienda, uliza nani lazima awepo, mtoto mwisho miaka mingapi, na kama punguzo linavuka mpaka. Soma mpaka maandishi madogo ya chini. Na kama hujui, sema hujui.

Siku naondoka Mikumi moja kwa moja, Mama alinisindikiza hadi barabarani. Akafungua pindo la khanga, akanipa tiketi yake ya nusu nauli, imechakaa.

"Safari hii," akasema, "soma yote."

Sikumkuta tena hai. Kwetu Mikumi sijarudi kuishi.

Wakuu, kuna mwingine aliyewahi kujibu "inaruhusiwa" bila kujua? Karibuni, nawasoma.