Msuke Ndogo, Anaenda Saigon

Wajukuu, juzi nilikuwa saluni mtaani Hillbrow nikingoja zamu yangu, binti mmoja aliyekuja na mama yake akakaa kitini. Msusi, mama wa Kikongo, akamuuliza anataka rasta kubwa au ndogo.

“Ndogo, zikae mwezi mzima. Naenda kutembea Saigon na begi mgongoni.”

“Kubwa!” mama yake akadakia. “Huendi popote. Huko si kulikuwa na vita?”

“Eish, Mama! Viliisha zamani. Siku hizi watu wanakata tiketi kuingia mahandaki walimojificha wapiganaji.”

Msusi akaacha kuchana. “Banalipa? Kuingia mu shimo? Miye nilijificha mu shimo kwetu Bukavu, hakuna mutu aliniomba hata senti!”

Tulicheka mpaka dada wa kucha akamwaga rangi. Msusi akajifuta macho, akamgeukia yule mama. “Umuache aende. Pahali banauzisha tiketi ya shimo, vita imeisha kweli. Siku moja batapanga foleni na kwa shimo yangu, na tiketi nitauzisha miye.”

Mama akamtazama binti yake kwenye kioo. Mwishowe akasema, “Haya, msuke ndogo.”

Mimi bibi yenu nimeshaomba nafasi ya kuuza maandazi kwenye hiyo foleni ya Bukavu.