Mwanamke wa Ukuta wa Duka la Viatu

Kwa miaka nilichora katuni kwenye kuta za maduka ya Kitale bila kujua kuchora mguu. Kila mtu nilimzamisha kwenye nyasi. Kinyozi, nyasi. Muuza nyama, nyasi hadi magotini, tena ndani ya bucha. Mafundi wote wa pale tulifanya hivyo na wateja walinyamaza, basi nikajiona msanii.

Halafu nikapata kazi ya duka la viatu kule Chwele. Mwenye duka alikuwa mzee wa kudharau watu.

"Fundi," akaniambia, "nataka mwanamke aonekane mpaka kidole cha mwisho. Ukiniletea hizo nyasi zako utazila."

Nikajaribu kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Magoti yalitokea katikati ya paja. Nyayo zote mbili zilitazama upande mmoja. Nilijichukia, nikazichana zote.

Nyumbani niliishi na dada yangu mdogo, fundi wa kushona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi; polio ilimpata utotoni, kwetu Kabuchai, jirani na Chwele. Soko la Chwele lilimpa jina la utani ambalo siliandiki hapa. Alihamia Kitale kulikimbia. Huku alifunga leso hadi vifundoni, na tukipigwa picha aliuficha mguu huo nyuma ya ule wa kulia.

Nikamwomba asimame nimchore. Akakubali kwa sharti moja.

"Miguu yote uifanye sawa. Si unajua picha inaenda Chwele?"

"Kwani mimi ni mjinga, bana?" nikamjibu.

Akapandisha leso. Ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kunifundisha: uzito ukikaa mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, ya pili inashuka, goti lake linalegea. Mguu ulio mbele unashuka chini zaidi kwenye karatasi, na unyayo wake unakuwa mkubwa. Mguu mfupi wa dada yangu ulinionyesha hayo yote waziwazi. Nilipousawazisha na mwenzake, nikabaki na nguzo mbili za ua. Nilipouacha ulivyo, mwanamke akasimama kweli, ungedhani atatoka kwenye karatasi aende zake.

Nikauhamishia ukutani Chwele ulivyo, mpaka wembamba wake. Nilijua ninachofanya, na leo sitatafuta wa kumsingizia.

Mwenye duka alifurahi mno. Siku ya soko nikasimama hapo nje kusikiliza sifa zangu. Wauza vitunguu walikuwa wamejaa mbele ya ukuta.

"Ati huyu si ni yule wa Kabuchai?" mmoja akasema, na kulitaja lile jina. Vijana wakaanza kuchechemea wakiiga mwendo wake. Mimi nilicheka nao. Nilicheka kabisa.

Dada yangu alikuwa amefunga cherehani siku hiyo, akavaa gauni alilojishonea, akaja kuona kazi ya kaka yake. Jina lilimfikia kabla hajauona ukuta. Aliupita umati wote akichechemea, wakampisha huku wakicheka, akaja hadi niliposimama.

Hakulia. Alinionyesha kopo la rangi nyeupe lililobaki mlangoni.

"Ufunike," akasema. "Sasa hivi, kaka. Tafadhali."

Nikamwambia siwezi, kwa sababu huo ndio mguu wa kwanza niliowahi kupatia.