Bolti Iliyofungwa Juu ya Rangi

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, tulimpoteza mama yetu katika hospitali moja mjini Kisii. Imepita miaka kumi na kitu. Ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni Ijumaa iliyotangulia. Nakuandikia habari zake kwa sababu umechagua kazi yangu ya umeme wa magari, na sitaki uzisikie kwa mtu mwingine.

Sijafikia uzee wa mkongojo, ila vijana wa Keumbu wananiita mzee nami nimezoea. Siku hizo nilikuwa kijana bado. Shule niliachia darasa la nane. Kazi nilifundishwa na Mzee Nyakundi wa Nyamarambe, mtu aliyetengeneza pikapu kuukuu kwa taa ya kupimia na subira. Baadaye nilijinunulia mashine ya kusoma kompyuta za magari, ile unayoichomeka chini ya usukani nayo inakuandikia makosa. Kuanzia hapo nilijiona nimempita mwalimu wangu. Nilikuwa wa kwanza pale Keumbu kukubali kugusa magari ya haibridi, yale yanayokwenda kwa petroli na umeme pamoja. Wenzangu waliyaogopa, nami nilipenda wanione siogopi.

Mdogo wangu Makori alikuwa na gari la namna hiyo. Ni mwalimu, na alikuwa akiishi na mama nyumbani kwetu Ikonge. Lori la majani chai liligonga gari lake kwa nyuma likiwa limeegeshwa. Fundi wa bodi akainyoosha buti, akachomelea sakafu yake, akapaka rangi mpya. Kazi ilipendeza kwa macho. Lakini kuanzia siku lilipotoka huko, gari lilianza vituko.

Aliniletea Ijumaa ile, saa kumi na nusu alasiri.

"Kaka, hapo mbele sasa ni disko," akaniambia akicheka. "Taa za breki, za usukani, zote zinawaka. Na asubuhi nyingine ukibonyeza kitufe linakataa kuwaka kabisa."

"Wewe ulitaka gari la kisomi," nikamjibu. "Ungenunua ng'ombe."

Nilichomeka mashine. Ikatoa makosa kumi na moja, ya breki, ya usukani, ya mfumo wa betri kubwa, na matatu kati yake yalisema volti ni ndogo. Nilipaswa kusimama hapo na kujiuliza ni kitu gani kimoja kinachoweza kusumbua sehemu zote hizo kwa mara moja, na ni kitu gani kilichoguswa wakati wa ukarabati. Nilipima betri ndogo iliyo kwenye buti, gari likiwa limezimwa. Ilikuwa nzima. Basi nikalegeza waya zake, nikazirudisha, nikafuta makosa yote kwa mashine. Taa zikazimika. Nikabonyeza kitufe, likawaka. Nikarudia mara mbili, likawaka.

Sisi ni Wasabato, nawe unajua desturi yetu. Ijumaa jua likizama, spana inawekwa chini na simu inazimwa hadi Jumamosi jioni. Jua lilikuwa limeshuka, na sikuwa nimeoga wala kununua chakula cha Sabato. Nilimwambia Makori, "Liko sawa." Ningeweza kumwambia, "Sijamaliza, liache hapa." Maneno ni machache tu, nami sikuyasema.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mama alishikwa na kifua. Pumzi haikuwa ikishuka. Makori alimbeba hadi kwenye gari, akamfunika shuka, akabonyeza kitufe. Taa zote ziliwaka mara moja, zikafifia, na gari halikuwaka. Mvua ilikuwa inanyesha. Akabonyeza tena na tena. Alinipigia simu mara tisa. Simu yangu ilikuwa mezani, imezimwa, karibu na Biblia.

Ilipita karibu saa nzima kabla hajapata jirani mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Mama aliishi hadi Jumatatu, lakini hakuzungumza tena. Daktari hakusema kwamba ile saa ndiyo iliyomuua, nami sikuthubutu kumuuliza. Hata leo sijui.

Nyumba ya matanga ilijaa watu, na watu wanahitaji wa kulaumiwa. Lawama zilimwangukia Makori. Niliwasikia nyuma ya jiko.

"Mwalimu mzima ananunua gari la tochi."

"Tochi ikiisha betri, mama wa watu anakufa."

Makori alipita na ndoo ya maji, akawasikia, akaendelea kutembea. Hakusema, "Kaka yangu aliniambia liko sawa." Hakumwambia mtu yeyote.

Jumatano Mzee Nyakundi alifika kutoka Nyamarambe kutupa pole. Baada ya chai aliliona gari pale lilipokwama, karibu na mgomba. Akaniuliza lilikuwa na shida gani. Nikamweleza kuhusu mashine na makosa kumi na moja, nikitumia maneno makubwa.

"Mashine yako nimeisikia," alisema. "Wewe ulipima nini?"

"Betri, mzee. Ilikuwa nzima."

"Gari likiwa limezimwa?"

"Ndiyo."

"Na athi?"

Sikuwa nimeipima. Athi ni ule waya mweusi unaounganisha betri na bodi ya gari. Ndicho kitu cha kwanza alichonifundisha.

"Nyinyi Wasabato mna mbio sana Ijumaa," akasema. Yeye ni Mkatoliki, na siku zote alikuwa akinitania hivyo, lakini siku hiyo hakucheka. "Leta mita. Nataka kuona."

Niliwasha taa za mbele tu, nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha bodi. Mahali panapotakiwa kuonyesha karibu sufuri palionyesha volti moja na nusu. Nikafungua bolti ya athi. Chini yake kulikuwa na rangi mpya, nene, inayong'aa. Fundi wa bodi alipaka rangi juu ya mahali pa kufungia, kisha akafunga waya juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye mikwaruzo michache ya nyuzi za bolti. Siku nikitikisa waya, unapita. Usiku wa baridi na unyevu ukija, unakataa. Kuligundua hilo kulinichukua dakika kumi.

Nitakuambia na lililofuata, ingawa linaniaibisha. Nilichukua msasa. Nilitaka kukwangua ile rangi haraka, nifunge, gari liwake, na watu waendelee kuamini kwamba magari ya haibridi ndivyo yalivyo. Mzee Nyakundi alinishika mkono.

"Usikwangue. Mwite ndugu yako kwanza aone."

"Mzee, tumo katika msiba."

"Ndiyo maana nakwambia umwite."

Makori akaja. Nilimwonyesha bolti, rangi, na namba kwenye mita. Nilimwambia fundi wa bodi alikosea, lakini gari lililetwa kwangu ili nilitafute kosa hilo, nami nilifuta taa nikaenda kuoga. Akainama kwenye buti, akaigusa ile rangi kwa kidole.

"Nilidhani nilibonyeza vibaya," akasema. "Siku zote hizi nimekuwa nikidhani nilibonyeza vibaya."

Akaondoka kurudi kwa wageni.

Wewe unajua wajomba wanapokuja kumzika dada yao hutaka kuelezwa alivyokufa, na mzaliwa wa kwanza ndiye husimama kueleza. Alhamisi nilisimama mbele ya jeneza. Nilieleza yote, kuanzia Ijumaa alasiri, na simu niliyoizima. Mjomba mkubwa aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo huyu mdogo hakukosa?"

"Hakukosa, mjomba."

"Basi mwombeni msamaha, nyinyi mliokuwa mkisema," akawaambia watu. Mimi hakunitazama. Tukamzika mama.

Mwanangu, gari likitoka kwa fundi mwingine, muulize mwenye gari palipoguswa, uanzie hapo. Usifute kosa ambalo hujalielewa. Pima athi gari likiwa linafanya kazi, kwa sababu betri iliyolala haikuambii kitu. Muda ukiisha, mwambie mwenye gari kwamba hujamaliza, hata kama ni ndugu yako na jua linazama. Sabato ni ya Mungu, naishika mpaka leo, wala siilaumu. Haraka ilikuwa yangu. Na siku utakayokosa, kwa kuwa utakosa, mwite mwenye gari kabla hujagusa msasa.

Mungu aibariki mikono yako na macho yako. Akupe ulimi wa kusema "sijui" bila kuona haya. Akujalie wazazi wako wakuzeekee, na siku ya kuwazika usiwe na la kuwaficha.

Makori tunasalimiana, ila gari lake alianza kulipeleka kwa fundi wa mjini Kisii. Mwezi uliopita tu ndipo alipoliingiza kwangu, baada ya kubadilishiwa betri kubwa huko, na taa moja imekataa kuzimika. "Pima," alisema. Alisimama nyuma yangu kuanzia asubuhi hadi saa nane, akiangalia kila mahali nilipoweka mita. Nilipomaliza hakuniuliza kama liko sawa. Aliingia, akabonyeza kitufe, likawaka. Akazima. Akabonyeza tena. Nilihesabu hadi saba, nikaacha kuhesabu, nikasimama pale mpaka alipotosheka akaondoka.