Shilingi za Okeny na Mayai Yangu

Okeny hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi, ile ngoma inayobebwa kifuani mpaka mbebaji haoni miguu yake mwenyewe, na nadhani miaka yote ile ya kupiga dum, dum nyuma ya matarumbeta ya wenzake ilimzoesha kungoja zamu. Ukimsalimia asubuhi, ungeweza kugeuza chapati mbili kabla hajaitikia. Mimi ni Akeyo, mtu wa Kisumu. Nilimfuata mume Kampala, mume akanikimbia, Kampala nikabaki nayo. Kibanda changu cha chapati na mayai ya kuchemsha kiliegemea ukuta wa laini ya polisi, yaani nyumba za askari, upande wa Makindye, na mlango wa Okeny ulitazamana na jiko langu. Kwa hiyo nikisema jambo juu yake, sikusimuliwa.

Kitu kilichojulikana zaidi nyumbani kwa Okeny kilikuwa kopo. Kopo la mafuta ya Kimbo, lile kubwa, limejaa shilingi za zamani, kichwa cha mfalme upande huu na simba upande wa pili. Baba yake, aliyekuwa askari jela enzi za Waingereza, alizikusanya moja moja na kuzificha kwenye ghala la mtama huko Kitgum. Alipokuwa anakata roho alimwambia mwanawe kwamba zile hazikuwa hela za kununulia chumvi, zilikuwa madini ya fedha, asizitoe. Okeny akatii, tena akatii kupita kiasi. Ilipotangazwa kwamba hela za zamani zipelekwe benki zibadilishwe, watu wote walipanga foleni, yeye akabaki nyumbani. "Niwape fedha wanipe karatasi?" akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Siku za kubadilisha zikapita. Tangu hapo kopo lile halikuweza kununua hata kiberiti. Ama ni fedha, ama ni takataka.

Kila Jumamosi alilitoa nje. Polisi wa zamani wale, jamani! Kitu kisichong'aa kwao kilikuwa kosa la jinai. Alianza na vifungo vya sare, akaja kwenye bizimu ya mkanda, akaja kwenye pete za ngoma, halafu akamimina shilingi zote juu ya gunia na kuzisugua kwa Brasso moja baada ya nyingine. Mke wake, Amito, alipita na ndoo ya maji, akaruka miguu yake, akaenda zake. Mwaka ukaingia mwaka ukatoka, mfalme akapoteza pua, akapoteza masikio, simba akabaki mgongo. Lakini kung'aa ziling'aa! Ukipita na jua la saa sita ilibidi ufumbe macho.

Kopo hilo ndilo lililomfanya awe vile alivyokuwa. Wahindi walipofukuzwa na maduka yao kugawiwa, wenzake waliandikisha majina. Sajenti Abudu alipata duka la vitambaa. Akauza vitambaa, vikaisha, akauza rafu, zikaisha, akafunga. Okeny alipoulizwa mbona haandikishi jina, alijibu, "Mimi nina fedha yangu." Wenzake walipokuja na redio, na viti, na saa za mkononi ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, alijibu hivyo hivyo. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, sikatai, ila kimoyomoyo nilipenda kuwa na jirani ambaye sikuhitaji kumficha kitu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na tano, sukari ikawa hadithi. Kikaundwa kikosi cha kuwakamata walanguzi, na mkubwa wake kwenye laini yetu akawa Abudu. Mlanguzi, kwa hesabu zao, alikuwa yeyote mwenye kitu. Concy, dada mmoja wa Kawempe aliyekuwa akiniletea sukari kwa kikapu, alipandishwa lori la kikosi hicho. Kikapu nilikiona baadaye kwa mke wa askari mmoja. Concy sikumwona tena.

Siku moja Okeny yuko kwangu anakunywa chai ya rangi, Abudu akaja, akasimama juu yake.

"Okeny, bendi haina kazi sasa. Mimi nataka mtu mkubwa kama wewe kwa kikosi. Sukari iko. Sabuni iko. Watoto watakula."

Okeny akanywa chai. "Na wenye sukari, afande?"

"Hiyo si kazi yako. Jumatatu uje. Kama hapana, rudisha nguo za serikali, toka kwa nyumba."

Tena akacheka, akampiga bega, akachukua yai langu moja akaenda zake. Hakulipa. Na sikudai, nani angedai? Askari wa Kitgum, watu wa kabila la akina Okeny, walikuwa wameondolewa mmoja mmoja kwenye laini ile. Yeye alibakizwa kwa kuwa hakukuwa na kifua kingine cha kubeba ngoma. Alijua hivyo, na Abudu alijua kwamba anajua.

Nilidhani amenyamaza kama kawaida yake. Kumbe alikuwa akipanga maneno.

"Akeyo," akasema, "zikiwa fedha, nakataa. Naenda nyumbani, nanunua ng'ombe wa kulima. Zisipokuwa fedha," akasita, "watoto watatu. Nitafanyaje?"

Miaka yote ile alikuwa akizisugua na hakuwahi kuuliza mtu. Nilitaka kumrushia mwiko.

Na sasa wa kumuuliza alikuwa nani? Masonara walikuwa Wahindi, na Wahindi walikwenda na mizani yao. Nikakumbuka Mzee Wahabi, Mnubi aliyewahi kufanya kazi kwa sonara mmoja mjini akivuta mivukuto, na ambaye sasa alikuwa akifua hereni kutokana na vijiko vya mahoteli. Tukaenda kwake Jumamosi hiyo, mimi mbele, Okeny nyuma, kopo ndani ya kikapu changu chini ya majani ya ndizi. Nilikwenda kwa sababu mtu asiyeitikia salamu hawezi kujua bei ya kitu.

Wahabi akachukua shilingi moja, akaigonga juu ya jiwe, akaisikiliza, akaipeleka kwenye mwanga.

"Mwingereza alitia fedha kwenye shilingi mpaka vita vya Hitla vilipoisha," akasema. "Baadaye akawa bahili, akaacha. Niambie mwaka tu, ndugu yangu, yatosha. Mwaka uko wapi?"

Okeny akachungulia. Hapakuwa na mwaka. Akamimina nyingine, na nyingine. Zote laini kama mbegu za fenesi.

"Umeusugua," Wahabi akasema.

"Kila Jumamosi," akasema Okeny, na masikini wa Mungu akatanua kifua.

"Hazijawahi kuwa nyeusi?"

"Kwangu? Haiwezekani!"

Mzee akaniangalia mimi, hakumwangalia yeye. "Wallahi, ungeziacha zipumzike mwaka mmoja zingekwambia zenyewe. Fedha ikikaa, hununa. Basi sikilizeni. Chemsheni yai, livunjeni likiwa moto, liwekeni na hizi ndani ya kopo, mfunike vizuri, mlale. Fedha na yai hawapatani. Asubuhi fedha itakuwa nyeusi tii. Itakayobaki inang'aa, hiyo si fedha, ni ndugu wa vijiko vyangu." Akafungua kitambaa, akatoa kipande kidogo cha mnyororo. "Hiki ni fedha kweli. Kitieni humo kiwe shahidi, halafu mnirudishie. Kuna mtu anavusha fedha kwenda Nairobi. Kopo lote, likiwa zuri, litakupa ng'ombe wawili na plau yao."

Mayai siku hizo, tuelewane, hayakuwa kitu cha kuchezea. Nilikuwa nayo machache na wateja wake nawajua kwa majina. Nikachemsha mawili. Nikayavunja ndani ya kopo jingine, mvuke ukapanda, nikazika ndani yake shilingi kiasi cha kujaa kiganja, za juu, za kati na za chini, pamoja na kile kipande cha mnyororo, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Okeny alisimama akinitazama kama vile namzika mtu wake. Nikamwambia aende akalale.

Jumapili asubuhi alifika kabla sijawasha moto. Nikafunua. Harufu yake sitaisema. Kipande cha mnyororo kilitoka cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria yangu. Nikatoa shilingi ya kwanza, nikaifuta kwa kidole.

Iling'aa.

Nikatoa nyingine. Nikazitoa zote. Zilikuwa safi, hata mgongo wa simba ulionekana. Nilimhurumia mpaka nikapandwa na hasira, nikaanza kuropoka.

"Labda mayai yalikuwa mabaya. Kuku wa siku hizi wanakula nini? Tujaribu tena."

"Mayai yako ni mazuri, Akeyo."

Akachukua kitambaa mfukoni, akafuta kiini cha yai kwenye kila shilingi, taratibu, akazirudisha koponi. Nilimwona anapiga hesabu kichwani, na hesabu yenyewe nilikuwa naijua: wale watoto watatu, na Jumatatu. Nikajisemea, haya basi, imekwisha. Wiki ijayo huyu huyu atakuja na lori kuniuliza sukari ya chai nimeitoa wapi. Niliogopa, na kumwogopa Okeny kuliniuma kuliko kumwogopa Abudu.

"Hili ni letu wawili," akasema. Akavuka kwenda kwake.

Amito alikuwa mlangoni anafua, mikono imezama kwenye beseni. Njia kati yetu ilikuwa nyembamba, nilisikia kila neno.

"Mama Aloyo, ni fedha."

Amito hakuinua kichwa.

"Tumezifunika na yai la moto, zimekuwa nyeusi tii," Okeny akaendelea, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kuulizwa. "Nimezisugua tena, ndiyo maana unaona hivi. Mzee Wahabi amesema ni nzuri sana, ila bei sasa ni mbaya, tungoje kidogo. Kesho narudisha ngoma. Funga mizigo, twende nyumbani."

Amito akakamua shati, akalikamua tena mpaka halikuwa na maji. "Si baba yako alisema?" akajibu. Akaenda kuanika.

Mwiko ulinidondoka. Kumbe mtu yule hakuwa na ng'ombe, hakuwa na plau, na kuanzia kesho yake hangekuwa na mshahara, na bado amekataa! Jumatatu akavaa sare iliyopigwa pasi, akabeba ngoma kifuani hadi stoo, pete zake zinamulika laini nzima. Nasikia Abudu alimuuliza kama ana wazimu. Nasikia pia Okeny alichojibu, na hata ninyi mnajua.

Waliondoka na lori la pamba lililokuwa likirudi kaskazini tupu. Wakati Okeny anapakia vitanda, Amito alikuja akakaa kwenye kigoda changu. Hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Akeyo, nikuambie kitu. Zile si fedha."

Nikainamia jiko. "Nani kasema?"

"Sonara mmoja mjini, kabla hawajafukuzwa. Nilichukua moja nikampelekea. Akaidondoshea dawa yake, akanirudishia, akasema mama, hii hata jino haizibi. Siku za benki zilikuwa zimeshapita. Ningemwambia kwa faida gani?"

"Na baadaye?"

"Baadaye yakaja maduka. Yakaja mambo haya mengine. Kila mara nasikia anasema, mimi nina fedha yangu, anarudi nyumbani mikono mitupu, ananiudhi mpaka nataka kulia." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini usiku nalala, Akeyo. Wake wa wenzake hawalali. Sasa sijui ni yai gani hilo lenu lililofanya chuma kiwe cheusi, wala sitauliza. Wewe usimwambie. Mwache aamini, moyo wake utavunjika."

 Nilikuwa na siri ya huyu mkononi na ya yule mkononi, na chapati juu ya moto. Niliona kicheko kinanijia na machozi yanakuja nacho.

Okeny akaja, jasho linamtoka, amelikumbatia kopo. Akachagua shilingi moja kwa muda mrefu, akanipa.

"Ya mayai," akasema. "Fedha hiyo. Usiiuze rahisi."

Amito alikuwa hapo hapo kati yetu. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Baba Aloyo. Hii siuzi kabisa."

Amito akainamisha kichwa, akafunga upya fundo la kanga ambalo halikuwa limefunguka. Lori likapiga honi, wakapanda, Okeny akakaa nyuma kabisa na kopo magotini. Mimi nikabaki nimeshika shilingi isiyo na mfalme wala simba, chapati ikaungua, na chapati hiyo hakuna aliyenilipa.