Mbili ni Mzima

Kabla ya simu za mkononi, sisi tulikuwa na upepo. Watu wakinisikia nasema hivi hucheka, lakini mie najua ninachosema. Nilikuwa na marafiki ambao sikuwahi kuwaona nyuso, na habari zao nilizijua kuliko za jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha redio ya upepo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pongwe. Kila shamba lilikuwa na chumba chake, mtambo juu ya meza, waya mrefu umetandazwa juu ya miti, na betri ya gari sakafuni. Asubuhi, ofisi kuu iliyokuwa mjini Tanga ilituita mmoja mmoja tutoe taarifa: robota ngapi za mkonge zimefungwa, mashine ipi imekufa, trekta lipi halina tairi. Majina hatukutumia. Mtu alikuwa kituo chake. Mie ni Pongwe mpaka leo, ukiniita hivyo sokoni nageuka.

Aliyetuita kutoka mjini alikuwa mzee wa Kipemba, sauti ya taratibu, hana haraka na dunia. Tukimwamkia shikamoo anaitikia kila mmoja wetu marahaba yake, hata kama bosi wake amesimama mlangoni. Taarifa zikiisha alikuwa na desturi ambayo ingeweza kumfukuzisha kazi: hakuzima. "Haya wanangu," husema, "ya kazi yamekwisha. Semeni yenu." Basi hapo ndipo baraza letu lilipoanza.

Muheza alikuwa mwanamume mcheshi, mdomo haukai, kila jambo kwake ni mzaha. Maramba alikuwa mwanamke wa rika langu, shamba lake liko mbali ndani, hata kutoka Maramba penyewe unatembea. Kwa kuwa ndiye wa mbali, Mzee alimwita yeye kwanza kila siku. Miaka ile sukari ilikuwa hadithi, na nguo tulifulia majani ya mpapai. Muheza akisema sabuni imeonekana kwao, jioni kipande kimeshanifikia kwa dereva, kimeviringishwa pamoja na machungwa. Nilipofiwa na mama yangu, Maramba alinisomea Yasini hewani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Betri yake ikaisha, meneja akamgombeza mbele za watu. Mie sijasahau, na sitasahau.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Sabuni zikajaa madukani, za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini pale sokoni mpaka mtu hujui uchague nini, na mashamba yetu yakatangazwa kuuzwa. Vituo vikaanza kuzimika. Leo Mzee anaita kituo fulani mara tatu, nne, hakuna. Kesho anaita tena. Halafu siku moja anakiruka, hasemi kitu, na sisi tunanyamaza. Hakuna aliyeaga. Hilo ndilo lililokuwa likinitia baridi mwilini, kwamba hakuna aliyeaga.

Shamba la Maramba lilipofikiwa, wafanyakazi walipunguzwa wote, meneja akaondoka na gari, dizeli ya jenereta ikafungiwa kufuli. Yeye akaambiwa abaki alinde mitambo mpaka mnunuzi aje akabidhiwe. Alibaki na mlinzi mmoja. Na alikuwa mjamzito, jamani, mimba ya kwanza! Mumewe alivuka mpaka kutafuta kibarua Mombasa. Mkunga wa shamba naye alikuwa amepunguzwa, karudi kwao.

"Toka hapo, mwanakwetu," nilimwambia. "Njoo kwangu ujifungulie hapa."

"Nikiondoka watasema nimeacha kazi," akajibu. "Mnunuzi akija nataka anikute kitini."

Tatizo lilikuwa betri. Bila jenereta hakuna pa kuichaji, na kusema ndiko kunakokula betri. Kusikiliza hakuli sana. Ndipo tukapanga jambo letu. Unapobonyeza kitufe cha kusemea bila kusema neno, wenzako wanasikia ule mvumo wa upepo umekatika kidogo, tk, kisha unarudi. Tukapatana: Mzee akimwita, abonyeze mara mbili, tujue ni mzima. Akibonyeza mara tatu, ana shida, na siku hiyo hiyo Mzee anatuma gari la ofisi limpeleke hospitali. Dereva alishaambiwa. Mie nilichana kanga zangu za zamani nikamtumia kwa dereva vipande vya kumvalisha mtoto. Tukajiona werevu kupita kiasi.

Ikawa hivyo. "Maramba, Maramba, unanipata?" Tk, tk. "Al-hamdulillahi. Pongwe, ingia." Muheza akawa anazitafsiri: leo amesema amekula bada ya muhogo, leo amesema mtoto anapiga teke. Tunacheka. Tulijua anatusikia, anacheka naye huko.

Halafu asubuhi moja mbili zile zikaja nzito. Yeye alikuwa mwepesi wa kila kitu, hata kubonyeza kwake kulikuwa tk-tk, kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia. Hizi zilikuwa tk, kimya, tk. Nikawaambia wenzangu.

"Lo! Pongwe siku hizi anapiga ramli," Muheza akasema. "Soma basi na kiganja changu."

"Mtu mzito, na mkono wake mzito, mwanangu," Mzee akanituliza. "Mbili ni mbili."

Moyo haukutulia. Kesho yake nzito. Kesho kutwa nzito. Nikamsemesha mwenyewe: "Maramba, mwanakwetu, kama una shida niongezee moja." Hakuna kitu. Mvumo mtupu. Mzee akasema atakuwa ameshazima, anaokoa betri.

Kilichoninyanyua kitini kilikuja siku iliyofuata. Mzee alianza na Muheza badala ya Maramba, sijui kwa nini, labda alikuwa na jambo la haraka. "Muheza, Muheza, unanipata?" Kabla Muheza hajafungua mdomo, tk, kimya, tk.

"Ana haraka huyo," Muheza akacheka. "Kaniibia zamu."

Mie sikucheka. Mtu anayesikia vizuri hajibu jina la mwenziwe. Nikasema huyo si yeye, tumeni gari. Mzee akasema gari haliwezi kutoka bila tatu, atamwambia nini bosi? Muheza akaniambia nipunguze mawazo, nitazeeka. Hasira zikanipanda. "Kaeni na mbili zenu!" nikawaambia, nikazima redio, nikafunga chumba, nikaenda barabarani bila kumuaga mtu.

Nilipata lori lililokuwa likirudi Maramba kuchukua magogo, na kutoka pale nikatembea. Mkonge haujapaliwa, magugu yamenifika kifuani. Nyumba za wafanyakazi milango wazi, hakuna hata kuku. Nilikuwa naita hodi tangu mbali na sauti yangu mwenyewe ikinitisha.

Mlinzi alinikuta getini, mtu wa makamo, koti limemzidi. Nikamwambia mie ndiye Pongwe, namtaka mwenye redio. Kisha akavua kofia.

"Mmechelewa, mama," akasema. "Tumeshamzika juzi. Yeye na mwanawe. Vile vipande vya kanga ndivyo tulivyomfunikia mtoto."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Innalillahi ilinitoka, kisha yakanitoka maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Alikuwa hanitazami. Akanieleza kwamba uchungu ulimshika ghafla, ukamlaza, haukuisha. Yeye mwenyewe alikimbia hadi kijiji cha jirani kutafuta wanawake, wakaja, wakashindwa. Baiskeli ya kumbeba ilipopatikana hakuwa wa kubebeka tena.

"Na redio?" nikamfokea. "Redio je? Nani alikuwa anatujibu?"

"Mimi," akasema.

Akanipeleka chumbani akanionyesha. Spika Maramba alikuwa ameichomoa zamani, akisikiliza kwa ile ya kuvaa masikioni ili betri idumu. Zamani, siku ambazo alikuwa kisimani, alimfunza mlinzi: saa ya asubuhi washa, tazama huu mshale wa kupokea sauti, ukicheza mara ya kwanza bonyeza mara mbili, kisha zima, wasije wakahangaika. Ya masikioni mlinzi hakuwahi kuivaa. Hakujua tunasema nini. Hakuna aliyemwambia mbili ni nini.

"Nilidhani ndivyo mnavyoitwa," akasema. "Alipozidiwa nikabonyeza kwa nguvu sana, mama. Mara mbili, kama alivyonifunza. Nikasema sasa watakuja. Na alipokufa nikabonyeza, na kila asubuhi tangu hapo, ili mjue."

Usiku ule nililala kwenye kiti cha marehemu, kama kulala ndiyo neno. Asubuhi mlinzi akaingia, akawasha mtambo kwa saa yake. Nikavaa ya masikioni. Ilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nazi. Mshale ukacheza.

"Maramba, Maramba, unanipata?"

Sauti ya Mzee, ile ile, taratibu. Kumbe ndivyo tulivyokuwa tukisikika huku! Nikabonyeza kitufe nimwambie. Sikutoa hata pumzi. Nikaachia. Nikajikaza, nikabonyeza tena, nikafungua mdomo, na tena hakuna kilichotoka. Nikaachia.

"Mbili hizo," Mzee akasema. "Al-hamdulillahi, mzima. Pongwe, ingia. Pongwe?"

"Pongwe kanuna," Muheza akadakia. "Si alisema huyo si Maramba? Mwacheni akae na aibu zake, ramli imemgeuka." Akaanza kucheka kile kicheko chake kirefu.

Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama kidole changu. "Basi, mama," akaniambia kwa upole. "Ni mbili tu. Sasa tunazima." Akanyoosha mkono kuelekea swichi.

Nikaushika mkono wake nikauzuia. Nikabonyeza mara ya tatu.

Kicheko cha Muheza kikakatika. Kisha Mzee, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza:

"Maramba, mwanangu. Ni tatu hizo?"